Mikono Inayowahudumia Wazee wa Marekani

Kila siku ipitayo, takriban Wamarekani 10,000 hutimiza umri wa miaka 65. Ni kizazi kilichozaliwa kati ya mwaka 1946 na 1964, pale askari waliporejea kutoka Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakaoa, wakajenga na kuzaa kwa wingi. Mwaka 1957 pekee walizaliwa watoto wapatao milioni 4.3, na wastani wa uzazi ulikaribia watoto 4 kwa kila mwanamke. Leo wastani huo umeshuka hadi kama 1.6, chini ya kile kiwango cha 2.1 ambacho wataalamu wa demografia hukihesabu kuwa ndicho kinachoiwezesha jamii kudumisha idadi yake bila kupokea wageni. Ifikapo mwaka 2030, kila aliye wa kizazi hicho atakuwa amevuka miaka 65, na Mmarekani 1 kati ya 5 atakuwa mzee kwa kipimo hicho.

Takwimu hizi aghalabu husomwa kama habari za pensheni. Kwa mtu wa tiba zina maana ya karibu zaidi na mwili. Mzee mwenye kisukari, au aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi, au aliyepoteza kumbukumbu kiasi cha kutomtambua mwanawe, anahitaji mtu wa kumwosha, kumlisha, kumkumbusha dawa na kumgeuza kitandani kila baada ya muda ili ngozi yake isichubuke na kuwa kidonda. Kazi hiyo haifanywi na mashine, wala haiwezi kuhamishiwa kiwanda cha ng'ambo. Wahudumu wa afya wa majumbani nchini Marekani walikaribia milioni 4 mwaka 2023, idadi iliyowapita wauguzi waliosajiliwa, na Ofisi ya Takwimu za Kazi ya nchi hiyo ilikadiria kwamba ajira zao zitaongezeka kwa asilimia 21 kati ya mwaka 2023 na 2033. Zaidi ya 8 kati ya 10 ni wanawake. Takriban theluthi moja walizaliwa nje ya Marekani, na walio wengi si Wazungu. Ujira wao wa kati mwaka 2023 ulikuwa kama dola 16 kwa saa.

Wazee wenyewe nao wamebaki kazini kuliko zamani: mwaka 1987 waliokuwa na ajira miongoni mwa wenye miaka 65 na zaidi walikuwa asilimia 11, na mwaka 2023 wakawa asilimia 19. Baadhi wanaipenda kazi. Wengine hawamudu kuiacha. Kwa vyovyote vile, mzee anayefanya kazi ya ofisini hawezi kuziba pengo la yule anayepaswa kumbeba mzee mwenzake kutoka kitandani hadi bafuni.

Nguvukazi ya Marekani kuwa na sura hii ni jambo ambalo mara nyingi huelezwa kana kwamba lilikuja lenyewe, kama mvua. Ukweli ni kwamba kila hatua ina sheria yake, na tarehe yake. Wanawake, ambao mwaka 1950 ni theluthi moja tu yao walioshiriki katika soko la ajira, walifikia asilimia 60 mwaka 1999, baada ya sheria kadhaa kupiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika ajira na katika udahili wa vyuo. Katikati ya miaka ya 1960, wanafunzi wa kike katika vyuo vya udaktari hawakufika 1 kati ya 10. Mwaka 2019 wakawa wengi kuliko wanaume kwa mara ya kwanza. Nao wahamiaji, waliokuwa takriban mfanyakazi 1 kati ya 20 mwaka 1970, sasa wanakaribia 1 kati ya 5. Mlango wao ulifunguliwa tarehe 3 Oktoba 1965, pale Rais Lyndon B. Johnson alipotia saini, chini ya Sanamu ya Uhuru, sheria iliyofuta mfumo wa mwaka 1924 uliogawa nafasi za uhamiaji kwa kufuata taifa la asili na kuwapendelea watu wa Ulaya ya Kaskazini na Magharibi. Sheria hiyo mpya ilizipa kipaumbele jamaa za waliokwisha kuwako, na pia watu wenye ujuzi uliohitajika. Uuguzi ulikuwa ujuzi uliohitajika.

Waliokuwa tayari zaidi kuupita mlango huo walikuwa Wafilipino, na utayari wao ulikuwa na historia. Marekani ilivitawala visiwa vya Ufilipino kutoka mwaka 1898 hadi 1946, na mapema katika karne ya 20 iliasisi huko shule za uuguzi zilizofundisha kwa Kiingereza na kwa mitaala ya Kimarekani. Kuanzia mwaka 1948, mpango wa kubadilishana wageni uliwawezesha wauguzi vijana kwenda Marekani kwa miaka miwili kwa jina la mafunzo, ingawa hospitali nyingi ziliwatumia kama wafanyakazi kamili kwa posho ndogo. Baada ya 1965 waliweza kwenda na kubaki. Kuanzia miaka ya 1970 serikali ya Ferdinand Marcos iliifanya ajira ya nje kuwa sera ya taifa, na vyuo vya uuguzi vikachipuka kwa lengo la kuzalisha wahitimu wa kusafirishwa. Mwanahistoria Catherine Ceniza Choy, aliyeandika kitabu kuhusu safari hiyo, ameonyesha kwamba uhamiaji huu haukuanza kwa uhaba wa wauguzi Marekani peke yake. Mizizi yake imo katika ukoloni wenyewe.

Gharama yake ilionekana wazi wakati wa UVIKO-19. Hadi Septemba 2020, chama cha wauguzi cha National Nurses United kilikuwa kimehesabu vifo vya wauguzi waliosajiliwa 213, na kati yao 67 walikuwa wenye asili ya Ufilipino. Hiyo ni zaidi ya asilimia 31, ilhali Wafilipino ni kama asilimia 4 tu ya wauguzi wote wa Marekani. Maelezo yanayotolewa hayahitaji nadharia ya kijenetiki: wengi wao hufanya kazi kando ya kitanda cha mgonjwa, katika vyumba vya uangalizi maalumu na wodi za magonjwa ya ndani, na katika majimbo yaliyopigwa mapema. Mahali mfanyakazi alipowekwa na historia ndipo virusi vilipomkuta.

Turudi kwenye nyumba ya mzee, kwa kuwa hapo ndipo sheria ilipokawia zaidi. Mwaka 1938 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya viwango vya haki vya kazi, iliyoweka kima cha chini cha mshahara na malipo ya saa za ziada. Wafanyakazi wa majumbani na wa mashambani waliachwa nje. Kule Kusini, kazi hizo mbili ndizo zilizowashikilia Wamarekani Weusi walio wengi, na wabunge wa Kusini, ambao kura zao zilihitajika, hawakutaka mpishi au mchuma pamba alindwe na serikali ya Washington. Mwaka 1974 Bunge lilirekebisha kasoro hiyo na kuwaingiza wafanyakazi wa ndani, lakini likaacha kipengele kimoja: anayetoa huduma ya "kuwa mwenza" wa mzee au mgonjwa asihesabiwe. Aliyekusudiwa alikuwa jirani anayekuja kukaa na bibi kizee saa chache, wakicheza karata. Wizara ya Kazi ikakitafsiri kipengele hicho kwa upana, hata wafanyakazi walioajiriwa na kampuni, wanaoosha, wanaovisha na kulisha wagonjwa kwa zamu za usiku na mchana, nao wakahesabiwa kuwa wenza tu.

Evelyn Coke alikuwa mmoja wao. Alikuwa mzaliwa wa Jamaica, mama aliyelea watoto watano peke yake, na kwa takriban miaka 20 alihudumia wazee na wagonjwa katika nyumba zao, wakati mwingine kwa saa 24 mfululizo, bila kulipwa nyongeza kwa saa zilizozidi 40 kwa wiki. Mwaka 2002 alifungua kesi dhidi ya mwajiri wake. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2007, figo zake zilikuwa zimeshindwa kazi, naye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kusafishwa damu. Majaji wote 9 waliamua dhidi yake. Hukumu, iliyoandikwa na Jaji Stephen Breyer, ilisema Wizara ilikuwa na mamlaka ya kuitafsiri sheria kama ilivyoitafsiri.

Wakati wa kusikiliza hoja, Breyer alidokeza wasiwasi ambao haufai kupuuzwa: je, mamilioni ya familia zenye mzazi mgonjwa zingeweza kumlipa mhudumu iwapo malipo ya saa za ziada yangekuwa lazima? Swali ni la haki, na nchi yoyote inayozeeka italiuliza. Ila jibu lililotolewa liliubebesha mzigo mzima mtu mmoja aliyekuwa dhaifu kuliko wote waliomo katika hesabu hiyo. Coke alifariki mwaka 2009. Serikali ya Barack Obama ilibadilisha kanuni mwaka 2013, ikaanza kutumika 2015, na wahudumu wapatao milioni 2 wakaingia katika ulinzi alioudai. Mwaka 2025 Wizara ya Kazi ilipendekeza kanuni hiyo ifutwe na ile ya mwanzo irejeshwe.

Juu kabisa ya ngazi ambayo Coke alisimama chini yake yuko daktari, na huko nako sura ya wafanyakazi ilipangwa na wenye milango. James McCune Smith, Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari, aliipata Glasgow mwaka 1837 kwa sababu vyuo vya kwao vilimkataa. Mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na vyuo 7 vya tiba vilivyofundisha Weusi. Mwaka 1910 Abraham Flexner alitoa ripoti yake mashuhuri kuhusu elimu ya udaktari, ripoti ambayo hadi leo husifiwa, na kwa haki, kwa kuifanya elimu hiyo isimame juu ya maabara na sayansi. Ripoti hiyo hiyo ilishauri vyuo viwili tu vya Weusi vibakizwe, Howard na Meharry, na iliwaona madaktari Weusi zaidi kama walinzi wa usafi wa jamii yao, ili maradhi yasiwafikie Wazungu. Vingine 5 vilikuwa vimefungwa ifikapo mwaka 1923. Watafiti waliochapisha makadirio yao mwaka 2020 walihesabu kwamba, kama vyuo hivyo vingeendelea, vingekuwa vimetoa kati ya madaktari 27,000 na 35,000 hivi. Leo Weusi ni takriban asilimia 13 ya Wamarekani, na ni kama asilimia 5 hadi 6 tu ya madaktari.

Hata aliyefuzu hakuwa na pa kulaza mgonjwa wake. Sheria ya mwaka 1946 ya kujenga hospitali kwa fedha za serikali kuu iliruhusu waziwazi majengo yaliyotenganishwa kwa rangi, mradi yawe "sawa". Huko Greensboro, North Carolina, daktari wa meno George Simkins aliungana na madaktari wenzake na wagonjwa wakashitaki hospitali mbili zilizowanyima haki ya kutibia humo, na mwaka 1963 mahakama ya rufaa ikawapa ushindi. Kisha ikaja bima ya afya ya wazee, Medicare, iliyoanza kulipa tarehe 1 Julai 1966. Serikali ilitangaza kwamba hospitali yoyote itakayoendelea kubagua haitapata hata senti. Wakaguzi, wengi wakiwa watumishi wa idara ya afya waliojitolea, walisambazwa nchi nzima kuangalia vyumba, mikahawa, benki za damu na orodha za madaktari. Katika muda usiofika miezi minne, hospitali zipatazo 1,000 ziliacha utengano uliodumu kwa vizazi. Katika maeneo ya mashambani ya Mississippi, wanauchumi waliofuatilia takwimu za miaka iliyofuata walikuta vifo vya watoto wachanga Weusi kutokana na nimonia na kuhara vimeshuka kwa kasi, maradhi ambayo huponyeka kwa kitanda, maji ya mshipani na dawa za antibiotiki. Katika historia ya afya ya umma ni nadra kanuni ya malipo kuokoa roho nyingi kiasi hicho kwa haraka kiasi hicho.

Je, rangi ya daktari humhusu mgonjwa? Swali hili lina pande nyingi za hatari, lakini lilijaribiwa kwa utaratibu wa kisayansi mjini Oakland, California. Marcella Alsan na wenzake waliwaalika wanaume Weusi zaidi ya 1,300, wengi wao kutoka vinyozi na masoko ya vitu vya mitumba, na waliofika kliniki wakapangiwa kwa bahati nasibu daktari Mweusi au asiye Mweusi. Kwa kutazama picha tu, chaguo zao hazikutofautiana. Baada ya kuzungumza na daktari uso kwa uso, waliokutana na daktari Mweusi walikubali zaidi vipimo vya kinga, hasa vile vinavyohitaji damu, kama kupima sukari na lehemu. Watafiti walikadiria kwamba athari ya namna hiyo ingeweza kupunguza kwa asilimia 19 pengo la vifo vya moyo na mishipa kati ya wanaume Weusi na Wazungu. Utafiti mmoja wa mji mmoja haumalizi mjadala. Unatosha, hata hivyo, kuonyesha kwamba mazungumzo ya chumba cha daktari ni sehemu ya tiba, na kwamba aliyetengwa ana sababu za kusikiliza kwa makini sauti inayomshauri. Juni 2023 Mahakama ya Juu ilipiga marufuku kuzingatia rangi katika udahili wa vyuo. Mwaka uliofuata, idadi ya Weusi walioanza masomo ya udaktari ilipungua kwa zaidi ya asilimia 10, na ya Walatino vivyo hivyo.

Lugha nayo ni mlango. Mwaka 1980, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitali Florida akiwa hajitambui. Familia yake, wenye asili ya Kuba, walitumia neno la Kihispania "intoxicado", ambalo kwao lilimaanisha amekula au kunywa kitu kilichomdhuru. Madaktari wakaelewa kwamba ametumia dawa za kulevya kupita kiasi, na kwa siku mbili wakamtibu hivyo, huku damu ikivuja ubongoni. Alibaki amepooza mikono na miguu yote. Fidia iliyokubaliwa, kwa hesabu ya maisha yake yote, ilikuwa kama dola milioni 71. Hakuna aliyemwita mkalimani, kwa kuwa kila upande uliamini umeelewa. Kanuni za mwaka 2016, zilizotungwa chini ya sheria ya bima ya afya ya Obama, ziliweka wazi kwamba mtoto asitumiwe kuwa mkalimani wa mzazi wake isipokuwa katika dharura.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia katika hesabu ya Marekani. Kwa miaka kadhaa ya karibuni, ikiwamo 2018, 2019 na 2024, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa nchi iliyotoa wakimbizi wengi zaidi waliopokewa Marekani, na wengi wao, watu wa Kivu na mashariki ya nchi hiyo, huongea Kiswahili. Hukutwa katika viwanda vya nyama, katika maghala, na katika nyumba za kutunzia wazee. Hospitali zimelazimika kutafuta wakalimani, na zimegundua kwamba Kiswahili si kimoja. Mkongomani humwita daktari "munganga". Mkalimani aliyelelewa Dar es Salaam, ingawa anamjua Mganga Mkuu wa Mkoa, anaposikia kwamba mgonjwa "alienda kwa munganga" huweza kudhani ni mganga wa kienyeji, na kuandika hivyo katika faili.

Miongoni mwa wahamiaji hao wamo waliokuwa wauguzi na madaktari makwao. Wengi huanza upya chini, kama wasaidizi wa wodi, kwa sababu leseni zao hazitambuliwi. Daktari aliyesomea nje hutakiwa kurudia mafunzo ya vitendo hospitalini kwa miaka, hata kama alikwisha kuwa bingwa. Pamoja na hayo, takriban daktari 1 kati ya 4 wanaofanya kazi Marekani alihitimu chuo cha nje. Mwaka 2023 jimbo la Tennessee lilipitisha sheria ya kuwapa baadhi yao leseni ya muda bila kurudia mafunzo hayo, na majimbo mengine yameanza kufuata.

Kwa nchi wanakotoka, hesabu ni ngumu zaidi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za hiari kuhusu kuajiri watumishi wa afya kimataifa, na orodha yake ya mwaka 2023 inazitaja nchi 55, Tanzania ikiwamo, ambazo mataifa tajiri hayapaswi kuzifuata kwa makusudi ili kuchukua watumishi wao. Orodha haimzuii muuguzi mmoja mmoja kuomba kazi kwa hiari yake. Wala haisemi lolote juu ya hali iliyozoeleka Afrika Mashariki, ya zahanati zisizo na muuguzi na wahitimu wa uuguzi wasio na ajira, kwa kuwa bajeti ya mishahara ya serikali haitoshi kuwaunganisha wawili hao. Anayeamua kuondoka atafanya mtihani wa leseni, kisha atasubiri viza. Idadi ya viza za kudumu zinazotolewa kwa njia ya ajira, kwa fani zote na kwa dunia nzima, ni takriban 140,000 kwa mwaka, wakihesabiwa humo wenzi na watoto. Iliwekwa mwaka 1990, wakati Marekani ilipokuwa na wazee wa miaka 65 na zaidi milioni 31. Sasa wamepita milioni 60, na idadi hiyo ya viza haijabadilishwa.